Je, Kilichochukuliwa na Saratani Kitaota Tena?

Mwaka 2004 madaktari wa mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, walimwoteshea mtu taya mgongoni. Mwanamume huyo wa miaka 56 alikuwa ameondolewa sehemu kubwa ya taya la chini miaka minane nyuma kwa sababu ya saratani, na tangu hapo hakuweza kula kitu cha kutafuna. Kwa kawaida daktari angechukua mfupa mwembamba wa mguu wake na kumtengenezea taya jipya, lakini mgonjwa alikuwa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kufungua jeraha la pili la mfupa kungemtia hatarini. Basi Patrick Warnke na wenzake wakalichora taya kwa kompyuta, wakaunda wavu wa titani wenye umbo hilohilo, wakaujaza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, uboho wa mgonjwa mwenyewe na protini inayoamsha mfupa, wakauzika chini ya msuli wa mgongo. Baada ya wiki saba wakautoa, ukiwa umeota mfupa hai wenye mishipa ya damu, wakaupachika mahali pa taya lililopotea. Wiki chache baadaye akala mkate na soseji.

Zaidi ya miaka ishirini imepita, na aliyepoteza taya kwa saratani bado anatengenezewa jingine kwa mfupa wa mguu wake, akibahatika kuwa karibu na hospitali yenye wataalamu wa kuunganisha mishipa midogo ya damu. Kazi ya Kiel ilikuwa ya kweli. Kwa nini basi haikuenea?

Swali hilo linatuhusu zaidi mwaka hadi mwaka. Wanaopona saratani wanaongezeka, na wengi wao hupona wakiwa wamepungukiwa. Yupo mama aliyeondolewa titi. Yupo mzee anayebeba mfuko wa mkojo ubavuni kwa sababu kibofu chake hakipo, na yupo mwalimu aliyepigwa mionzi ya shingo ambaye hawezi kufundisha kipindi kizima bila chupa ya maji mkononi, maana tezi zake za mate zimekufa. Yupo pia msichana aliyetibiwa saratani ya damu utotoni na sasa ameolewa na hapati mtoto. Hawa wote wakisikia redioni kwamba wanasayansi wanaotesha viungo maabara, wana haki ya kuambiwa ukweli ulivyo.

Nionavyo mimi, ugumu wa jambo hili kwa aliyeugua saratani haupo hasa katika kuziamsha seli ziote. Wanasayansi wanazijua njia nyingi za kuziamsha. Ugumu ni kuziamsha katika mwili ambao umeshawahi kuwa na seli zilizoota kupita kiasi. Kutokana na hilo, matumaini yaliyo karibu zaidi yamo katika kile kinachowekwa akiba kabla ya matibabu kuanza.

Tuanze na mwili wenyewe, maana haujasahau kabisa kuota. Ini likikatwa theluthi mbili, kilichobaki hukua hadi kukaribia uzito wa mwanzo katika wiki na miezi michache. Halirudishi umbo lake la zamani, ila kazi yake hurudi, na kwa sababu hiyo daktari anaweza kuondoa uvimbe pamoja na pande kubwa la ini na mgonjwa akaishi. Utando wa utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache. Mwaka 1974 daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliripoti kwamba watoto waliokatika ncha za vidole waliota ncha nyingine pamoja na kucha, mradi jeraha lisishonwe. Lakini karibu kila mahali pengine mwili wa mtu mzima huchagua kovu. Kovu huziba upesi, huzuia damu isimwagike na vijidudu visiingie. Halimezi, halitoi mate, wala halitanuki mkojo unapojaa.

Wapo wanyama ambao hawakuchagua hivyo. Mjusi-maji wa Mexico aitwaye aksolotli huota mguu mzima. Karibu zaidi na sisi yupo panya wa miiba wa Kenya, ambaye ngozi yake huchanika kwa urahisi anaposhikwa na adui. Mwaka 2012 Ashley Seifert, akiwa pamoja na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wengine, alichapisha katika jarida la Nature kwamba panya huyu anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo wake na kuirudisha ikiwa na vinyweleo na tezi, bila kovu la kudumu. Ukimtoboa sikio tundu la milimita nne, huliziba kwa ngozi, mafuta na gegedu. Panya wa kawaida wa maabara hubaki na tundu lake. Habari hii ilikuwa kubwa kwa sababu panya wa miiba ni mnyama anayenyonyesha, ndugu yetu wa karibu kuliko mjusi-maji yeyote, na inanisikitisha kwamba anajulikana zaidi katika maabara za Marekani kuliko katika madarasa ya baiolojia ya Nyeri au Moshi.

Kwa nini sisi tumepoteza uwezo huo? Jibu moja linaloungwa mkono na majaribio kadhaa ni kwamba tumeutoa kama malipo ya kujikinga na saratani. Seli zetu zina breki za jeni zinazozuia kugawanyika ovyo. Mwaka 2010 kundi la Helen Blau katika Chuo Kikuu cha Stanford lilizima breki mbili kwa muda katika seli za msuli wa panya, na seli zilizokuwa zimeshakomaa zikaanza kugawanyika upya. Moja ya breki hizo haipo kabisa kwa wanyama kama aksolotli. Uchunguzi mwingine uliofanywa London mwaka 2013 ulionyesha kwamba mnyama wa jamii hiyo anapoota mguu, hupunguza kwanza nguvu ya p53, ile jeni mashuhuri inayolinda dhidi ya saratani, kisha huirudisha juu ili mguu ukomae. Yeye anajua kuishusha na kuipandisha kwa wakati wake. Sisi tukiishusha, hatuna hakika ya kuipandisha.

Ushahidi mkali kuliko wote ulitoka kwenye ini. Mwaka 2007 Duojia Pan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwasha bila kukoma ishara inayoiambia seli ya ini iendelee kukua. Ini la panya, ambalo kwa kawaida ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili, lilifika asilimia 25. Ishara ilipozimwa mapema, ini lilirudi ukubwa wake. Ilipoachwa ikawaka, saratani zikajaa humo. Ishara ilikuwa ileile, na kilichotofautiana ni muda tu.

Daktari Harold Dvorak wa Boston alikwisha kuliona hili kwa jicho la darubini mwaka 1986, alipoandika kwamba uvimbe wa saratani ni jeraha lisilopona. Mishipa mipya ya damu, seli za kinga zinazomiminika na nyuzi zinazojengwa kuzunguka, vyote ni kazi za kuponya jeraha, isipokuwa katika saratani kazi haifikii mwisho. Wenye kuishi na kichocho cha mkojo pwani ya Tanzania na Kenya, Unguja na Pemba, wanalipa gharama ya jambo hilohilo. Mayai ya minyoo hukwaruza ukuta wa kibofu mwaka baada ya mwaka, kibofu hujikarabati mwaka baada ya mwaka, na katika ukarabati huo usiokwisha saratani ya kibofu hupata nafasi. Kovu la moto lililochubuka na kukataa kupona kwa miaka mingi nalo huweza kugeuka saratani ya ngozi, jambo ambalo madaktari wa hospitali za wilaya wanalifahamu vizuri.

Kwa hiyo dawa yoyote ya kuamsha ukuaji inamwogopesha daktari wa saratani. Kuna jeli ya kupaka vidonda vya miguu ya wenye kisukari, yenye protini ya kukuza seli. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuhusu vifo vya saratani, na onyo hilo likaondolewa mwaka 2018 baada ya takwimu za ziada. Miaka kumi ilipita kabla ya watu kutulia kuhusu jeli ya kupaka mguuni. Protini za kuamsha mfupa, za jamii ileile iliyotumika Kiel, hazipendekezwi mahali palipotolewa uvimbe. Mgonjwa yule wa Kiel alikuwa amekaa miaka minane bila saratani kurudi, ndipo wakathubutu. Aliyefanyiwa upasuaji mwezi uliopita hana miaka minane ya kuonyesha. Hapo ndipo ninapoliona jibu kubwa la swali la kwanza, ingawa gharama na ugumu wa kazi navyo vina sehemu yao.

Lakini kuna kiungo kimoja kilichovuka kikwazo hiki zamani, na kwa kuwa hakina umbo la kushikika watu husahau kukihesabu. Ni uboho. Mgonjwa wa saratani ya uboho iitwayo myeloma huchukuliwa seli shina zake za damu, zikagandishwa, kisha akapewa dawa kali ambazo pamoja na kuua saratani zinaua na kiwanda chote cha damu. Halafu zile seli zinarudishwa kwa mshipa wa mkono kama damu ya kawaida. Zenyewe huitafuta njia ya kwenda mifupani, na baada ya wiki mbili au tatu damu mpya inaanza kuonekana. Donnall Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake ya kupandikiza uboho. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliianza huduma hii mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata kwa watoto wenye selimundu. Utaratibu wenyewe ndio wa kuutazama kwa makini. Kilicho hai kinawekwa pembeni kwanza, matibabu yanafanya uharibifu wake, kisha akiba inarudishwa, kama mkulima anavyotenga mbegu kabla ya kuchoma shamba.

Viungo vyenye uwazi ndani, kama kibofu, vilitarajiwa kufuata. Mwaka 2006 daktari Anthony Atala alichapisha katika The Lancet habari za vijana saba waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo ambao vibofu vyao viliongezwa ukuta uliooteshwa kutokana na seli zao wenyewe juu ya kiunzi kinachoyeyuka. Dunia ikashangilia. Kilichosikika kidogo ni matokeo ya mwaka 2014, pale jaribio lililofuata kwa watoto kumi lilipoonyesha kwamba vibofu havikupanuka wala kulegea ipasavyo, na madhara yalizidi kiwango kinachokubalika. Ukuta ulikuwepo, lakini mishipa ya damu na ya fahamu haikuingia vya kutosha kuufanya uishi na kufanya kazi. Na hao hawakuwa wagonjwa wa saratani. Mwenye saratani ya kibofu ana swali la ziada: mbegu ya kibofu kipya itachukuliwa wapi, ikiwa kile cha zamani ndicho chenye ugonjwa? Kwa sasa daktari humtengenezea njia ya mkojo kwa kipande cha utumbo mwembamba, ambacho kinafanya kazi ingawa kinatoa ute na kufyonza baadhi ya chumvi ambazo mwili ulikusudia kuzitupa.

Habari ya koo la hewa ni chungu zaidi, na mwenye kuandika juu ya matumaini haya asiikwepe. Mwaka 2011, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska, Sweden, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland koo la hewa la plastiki lililolowekwa seli za uboho wake. Kijana huyo alikuwa na saratani iliyokuwa ikiziba pumzi yake, na alikuwa na mke na watoto. Dunia iliambiwa kwamba seli zile zingeigeuza plastiki kuwa kiungo hai. Plastiki haikugeuka. Haikupata mishipa ya damu, haikuungana na mwili, ikalegea na kupata maambukizi. Alifariki Januari 2014, na wagonjwa wengine wawili waliofanyiwa hivyo hapo Karolinska nao walikufa. Madaktari wanne wa hospitali hiyohiyo waliofunua jambo hili walisumbuliwa kwanza kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufani mjini Stockholm ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mwathirika wa kwanza alikuwa mgonjwa wa saratani, tena Mwafrika aliyekuwa mbali na nyumbani na asiye na njia nyingine. Mtu wa namna hiyo hukubali lolote. Anayemtibu anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili, maana mgonjwa mwenyewe hana tena nafasi ya kuwa mwangalifu. Na kazi ya kweli ya koo la hewa haikufa pamoja na ule uongo. Mjini Paris, daktari Emmanuel Martinod alitumia vipande vya mshipa mkuu wa damu kutoka kwa marehemu, vilivyogandishwa na kushikiliwa na springi ndani yake. Mwaka 2018 aliripoti wagonjwa 13, na kwa baadhi yao mwili ulikuwa umejaza kipande kile kwa gegedu lake wenyewe. Hakukuwa na seli za kuotesha maabara wala dawa za kupunguza kinga. Alitegemea uwezo mdogo wa mwili wa kujenga ukipewa kiunzi kinachofaa, akaeleza idadi ya waliokufa sawasawa na idadi ya waliopona.

Njia hiyohiyo ya kiunzi imefika kwenye umio, na hapa Afrika Mashariki inapaswa kutega sikio. Kutoka magharibi mwa Kenya kupita Tanzania hadi Malawi kuna ukanda ambao saratani ya umio ni ya kawaida mno kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imejulikana kwa kuwawekea wagonjwa springi ili waweze kumeza katika siku zao zilizobaki. Mwaka 2011 timu ya Stephen Badylak na Blair Jobe huko Pittsburgh iliripoti wagonjwa watano wenye saratani ya umio ya hatua za mwanzo. Waliondolewa utando wote wa ndani kwa kamera bila kupasuliwa kifua, kisha wakavalishwa utando uliotengenezwa kwa utumbo wa nguruwe uliosafishwa seli zote. Utando mpya wa mgonjwa mwenyewe ukaota juu yake, na umio haukuzibwa na kovu kama ilivyozoeleka. Tokyo nako, mwaka 2012, wagonjwa tisa walibandikwa karatasi za seli zilizooteshwa kutoka ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, na wengi wao walipona bila umio kubana.

Chimbuko la nguruwe litaleta maswali kwa Waislamu wengi wa pwani, na ni halali yaulizwe mapema kwa masheikh na madaktari pamoja. Kikwazo kikubwa zaidi hata hivyo ni kingine. Watu hawa wote walikuwa na saratani iliyogunduliwa ingali juu ya utando. Wagonjwa wa ukanda wetu wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji, na wakati huo hakuna utando wa kuotesha, kuna ukuta mzima uliokwisha kuliwa. Kamera ya kuchungulia umio katika hospitali ya mkoa, ikitumika mapema, ndiyo itakayoamua ikiwa teknolojia hii itatufaa au itabaki habari ya Pittsburgh.

Kuhusu figo nzima, pafu zima au kongosho zima lililooteshwa kwa ajili ya mtu fulani, sitakaa sana. Mwaka 2008 Harald Ott na Doris Taylor waliosha moyo wa panya hadi ukabaki kiunzi cheupe, wakaujaza seli nyingine, ukapiga mapigo hafifu. Tangu hapo tatizo la kuifikisha damu kwenye kila seli ya kiungo kinene halijatatuliwa kwa kiwango cha mwanadamu. Seli za aina ya mtafiti Yamanaka, yaani seli za ngozi au damu zinazorudishwa katika hali ya uchanga, zilileta matumaini makubwa tangu 2006, lakini moja ya jeni nne alizotumia ni jeni ya saratani inayojulikana. Japani ilipotaka kumtibu mgonjwa wa pili wa macho kwa seli hizo, mwaka 2015, jaribio lilisimamishwa baada ya mabadiliko ya vinasaba kuonekana katika seli zilizotayarishwa. Walifanya vizuri kusimama. Kwa mtu aliyeponea saratani, uangalifu huo usipungue hata kidogo.

Badala ya kuotesha, mtu angeweza kupandikizwa kiungo cha marehemu, lakini dawa za kupunguza kinga zinazohitajika maisha yote ndizo hizo zinazofungua mlango kwa saratani kurudi. Tazama wawili waliochaguliwa hivi karibuni Marekani. Mwaka 2024 kliniki ya Mayo huko Arizona ilimpandikiza zoloto, kiboksi cha sauti, mgonjwa mwenye saratani ya sehemu hiyo. Mei 2025 madaktari wa Los Angeles walimpandikiza kibofu cha kwanza duniani mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya kibofu chake kwa uvimbe na figo zote mbili kwa saratani. Wa kwanza alikuwa tayari anatumia dawa hizo kwa ajili ya figo aliyopandikizwa zamani, na wa pili alihitaji figo kwa vyovyote. Hatari ya dawa walikuwa wameshaibeba. Mgonjwa aliyepoteza zoloto tu hana sababu hiyo, na daktari mwaminifu husita kumtia katika hatari kwa ajili ya sauti, hata kama sauti ndiyo riziki yake.

Titi lina historia yake. Mwaka 1987 chama cha madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile cha Marekani kilikataza kuingiza mafuta ya mgonjwa kwenye titi, kwa hofu kwamba yangeficha uvimbe mpya. Mwaka 2009 kikalegeza msimamo. Mafuta hayo yana seli shina ambazo maabarani zinaweza kuzishawishi seli za saratani zikue, lakini tafiti nyingi za wanawake waliofanyiwa hivyo baada ya kupona hazikuonyesha kwamba saratani inarudi zaidi. Hilo ni jambo la kuwaambia wanawake bila woga na bila ahadi ya kupita kiasi: umbo linaweza kurudi. Titi lenye mirija ya maziwa halijaoteshwa kwa binadamu.

Nimeacha mwisho yale ninayoyaona karibu zaidi, na yote ni madogo. La kwanza ni mate. Aliyepigwa mionzi ya kinywa na koo hupoteza mate, na kukosa mate ni kuoza meno, kuamka usiku kila saa kutafuta maji, na kutengwa na chakula cha pamoja kwa sababu ugali haushuki. Mwaka 2012 Bruce Baum na wenzake wa Marekani walipeleka kwenye tezi za mate za watu 11 jeni inayofungua njia ya maji katika seli, na watano kati yao walipata mate zaidi na kuona nafuu wenyewe. Mwaka 2018 madaktari wa Copenhagen waliripoti jaribio la wagonjwa 30, ambapo waliochomwa sindano ya seli za mafuta yao wenyewe waliongeza mate kwa karibu nusu baada ya miezi minne. Huko Groningen, Uholanzi, Rob Coppes amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya wazo la kuchukua kipande kidogo cha tezi kabla ya mionzi, kukuza seli zake na kuzirudisha matibabu yakiisha. Hili la tatu ndilo linalonivutia zaidi, kwa kuwa linafuata utaratibu wa uboho.

La pili ni uzazi. Mwaka 2004 nchini Ubelgiji alizaliwa mtoto ambaye mama yake alikuwa ametibiwa saratani ya tezi za limfu. Kabla ya dawa, mwaka 1997, Jacques Donnez alikuwa amemtoa vipande vya ovari na kuvigandisha, na miaka sita baadaye akavirudisha. Leo watoto zaidi ya 200 wamezaliwa kwa njia hiyo duniani, na tangu 2019 madaktari wa uzazi wa Marekani hawaihesabu tena kuwa ya majaribio. Hata hapa kivuli cha saratani kipo. Kwa aliyeugua saratani ya damu, kipande cha ovari kinaweza kuwa na seli za ugonjwa ndani yake, na kukirudisha ni kuurudisha ugonjwa. Ndiyo sababu maabara kadhaa zinajaribu kuyatoa mayai machanga kutoka kwenye kipande hicho na kuyaweka katika kiunzi kipya kisicho na kitu kingine. Kwa wavulana ambao hawajabalehe safari ni ndefu zaidi. Januari 2025 hospitali moja ya Brussels ilitangaza kumrudishia mwanamume tishu za korodani zake zilizogandishwa akiwa mtoto wa miaka kumi, kabla ya kupewa dawa kali za kumwandaa kwa uboho mpya. Ugonjwa wake ulikuwa selimundu.

Watoto wa Dodoma wanaopandikizwa uboho kwa selimundu wanahitaji dawa za kuwaandaa kama alizopewa yule wa Brussels, na watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili, Mulago au Nairobi hupewa dawa nyingine zinazoweza kugusa uzazi wao pia. Wazazi wao huulizwa mengi kabla ya matibabu: nauli, malazi, nani atakayechangia damu. Swali la kama mtoto huyu atataka siku moja kuzaa haliulizwi mara nyingi, na likiulizwa mara nyingi hakuna pa kuhifadhi tishu zake. Tangi la naitrojeni ya kimiminika linalohitajika kuzigandisha si kitu kigeni kwetu. Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji kilichoko Usa River, Arusha, kinahifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwa baridi hiyohiyo, na wataalamu wa mifugo huzifikisha vijijini. Hospitali ya kanda inayotibu saratani ingeweza kuwa na chumba chake cha namna hiyo, chenye umeme wa akiba, kumbukumbu zinazodumu miaka ishirini, na mtaalamu wa maabara aliyefunzwa kugandisha tishu za binadamu. Uamuzi wa kukitumia hufanywa katika siku chache kati ya majibu ya kipimo na dripu ya kwanza, na baada ya hapo hakuna maabara ya Kiel wala Pittsburgh inayoweza kuzirudisha siku hizo.